Herufi Moja ya Jina Letu

Shangazi yangu ananiita tata, yaani baba. Yeye ana miaka 81, mimi 42, lakini jina langu ni la baba yake, na kwetu anayerithi jina hurithi na heshima yake. Nilipoingia kwenye uwanja wa nyumba yake, komini ya Kenya (mtaa wa mji, si nchi), hapa Lubumbashi, alikuwa amekalia kigoda anakonyoa majani ya sombe, yaani kisamvu. Hakusimama. Alinitazama tangu viatu hadi kichwa, akasema, "Tata, ulikawia sana," kisha machozi yakamtoka huku mikono ikiendelea na kazi.

Miaka 19. Niliondoka 2005 nikisema nitarudi baada ya masomo. Baba alikufa 2016 na sikuja kumzika, na hilo sitalieleza hapa. Nimekuja sasa kwa sababu ya jina.

Msomaji wa Kongo anajua: kwetu jina la ukoo halikuwapo jinsi Wazungu wanavyolielewa. Sisi tumezaliwa sita na tuna majina sita. Mtoto hupewa jina la babu, la rafiki wa baba, la tukio la siku ile. Mapacha wana majina yao yanayowangoja tangu tumboni. Ubelgiji karani alitaka jina moja la familia, akachukua lile la kwanza kwenye karatasi zangu. Basi binti zangu wawili, waliozaliwa Liège, wote ni Ilunga. Jina la mtu mmoja limegeuka jina la nyumba nzima.

Huko Liège kuna mzee tuliyekuwa tunaitana ndoyi, kwa kuwa naye ni Ilunga. Siku tuliyokutana aliniuliza swali ambalo kila mzee wa Kiluba huuliza: "Ilunga wa nani?" Nikamjibu: Ilunga wa Kimanga, watu wa Kamina, mji wa Katanga. Akarudia lile jina polepole, akasema, "Kwetu Kasai tungesema Tshimanga." Akaendelea kunywa chai. Mimi sikulala.

Maana baba alitulea na habari moja tu. Ilunga ni jina la kifalme, alisema, na sisi ni Waluba wa Katanga, si wa Kasai, mkoa wa jirani. Jioni umeme ukikatika alitusimulia: Nkongolo Mwamba, mfalme mkali, Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, mtu wa adabu, anayekula akiwa amejificha, na mtoto aliyezaliwa kwa Mbidi na dada wa Nkongolo, Kalala Ilunga. Nkongolo alimwonea wivu mpwa wake. Akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwalika Ilunga acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma akamwonya kwa ngoma yenyewe. Hapo baba alikuwa anagonga meza kwa vidole, nasi tunashika pumzi. Ilunga akaruka, akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, akamshinda mjomba wake na kuutawala Uluba. Mwingine wa jina hilo, Chibinda Ilunga, mwindaji pia, alivuka kwenda kwa Walunda akamwoa malkia Lueji, naye Lueji akampa lukano, bangili ya ufalme. Kwa hiyo jina hili halikubaki kijiji kimoja. Utalikuta Kamina, Kabongo, Mbuji-Mayi, Mwene-Ditu, hadi kwa Walunda. Baba alilisema hilo pia, lakini harakaharaka.

Shangazi alikataa kusema lolote kabla sijala. "Kula bukari kwanza, maneno itakuya kisha." Nikala bukari, ndiyo ugali, na sombe na samaki wadogo, mikono ikitetemeka. Kisha akaingia chumbani, akatoka na furushi la kitenge lililofungwa fundo mbili.

Ndani mlikuwa na kitabu cha kazi cha babu. Jalada gumu la rangi ya kahawia, pembe zimeliwa na mende, wino umekuwa mwekundu kama kutu. Dole gumba lake liko pale, duara kwa duara, na upande mmoja wa alama una mstari mweupe: kovu. Mwaka 1938. Jina: Ilunga. Jina la baba: Tshimanga. Asili: Luputa.

Luputa ni Kasai. Iko kwenye njia ya reli ya BCK (Bas-Congo–Katanga), ile iliyofika Ilebo mwaka 1928 na kuwaleta maelfu ya vijana kwenye kazi ya shaba. Babu alishuka Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akafanya kazi kiwanda cha shaba cha Shituru, akaishi kambi ya Panda akila posho ya unga kila juma. Hakuwahi kuwa mtu wa Kamina. Wala baba. Wala mimi.

Nilimuuliza shangazi nani aliibadili Tsh kuwa K. Akanyamaza kidogo. "Baba yako. Ni ile mwaka."

Ile mwaka ni 1992. Nilikuwa na miaka 10, tunakaa Likasi. Siasa iliamua kwamba Katanga ina wenyewe na ina wageni, na wageni ni Wakasai, hata aliyezaliwa pale, hata aliyemzika baba yake pale. Watu walifukuzwa kwenye nyumba zao, wakajazana kwenye kituo cha treni, miezi na miezi wakingoja behewa la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Mimi nakumbuka moshi wa makala kituoni na watoto waliolala juu ya magodoro yaliyolowa. Nakumbuka mama mdogo, dada wa mama yangu, akipanda treni na sufuria kichwani. Niliambiwa anakwenda kuolewa.

Vijana walipofika mlangoni kwetu, jirani, mzee wa Kamina kweli kweli, ndiye aliyetoka. Shangazi alikuwapo. Anasema mzee aliwaambia: "Hawa ni ba Ilunga ya kwetu." Wakaondoka. Jina la Tshibangu au Tshilumba lisingepita. Mluba wa Kasai anasema Tshi pale Mluba wa Katanga anaposema Ki, na mwaka ule watu walisikiliza silabi hiyo kuliko kitu kingine. Ilunga ni ya pande zote mbili. Wiki ileile baba alitupandisha lori kuja Lubumbashi, ambako hakuna aliyetujua, akatengeneza karatasi mpya. Likasi shuleni nilikuwa naitwa Ilunga basi. Jina la pili niliandika mara ya kwanza hapa, na ni baba aliyenishika mkono kwenye daftari: K, i, m. Nilifikiri ananifundisha mwandiko mzuri.

Nilikasirika, sitaficha. Nilikaa pale uwanjani nikiwaza simulizi zote zile za mezani, kama alikuwa anatudanganya. Shangazi akanikatiza: kwani Ilunga wa kwenye simulizi si wetu? Akanieleza jambo ambalo wazee wa Kasai wote wanalijua, kwamba mababu zao walitoka Nsanga a Lubangu, na Nsanga a Lubangu iko huku, Katanga, nchi ya Waluba. Waliondoka wakaenda Kasai; wajukuu wakarudi kwa treni ya BCK; kisha wakaambiwa ni wageni. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi tangu jana na bado inanichoma.

Baba hakusema uongo juu ya mfalme. Alinyamaza juu ya Luputa, na alinyamaza hadi kaburini kwa sababu alikuwa na watoto sita na aliona kile kituo. Yule jirani wa Kamina alishafariki. Ningemshika miguu.

Jua lilipokuwa linashuka shangazi aliniuliza kama nakumbuka nyanya alivyokuwa anatuhesabia vidole. Nilikuwa nakumbuka. Baba alituambia baadaye kuwa ni Kiluba cha Kamina, na mama alitukataza kukitumia nje. Nikanyosha mkono kama mtoto. Umwe. Ibidi. Isatu. Inayi. Itanu. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, nikakwama.

Shangazi akakishika kidole gumba cha mkono wangu wa pili, akakibana.

"Isambombo, tata," akasema. "Isambombo."