Nilivyolizuia vumbi la karavani njiani kwenda Uluru

Kutoka Alice Springs, katikati ya Australia, tulishika barabara ya Mereenie, ambayo ilikuwa vumbi na matuta tu (na kibali tulilipia). Jioni nafungua karavani, yaani trela letu la kulala: shuka rangi ya tofali, hata sukari imekuwa nyekundu. Nikaziba kila tundu kwa selotepu, wapi! Kumbe trela likikimbia, msukumo wa hewa ndani hushuka, vumbi likafyonzwa kwenye mipenyo ya mlango. Kesho yake nikafungua nusu kidirisha cha paa kinachotazama mbele, upepo uingie juu na kulisukuma vumbi nje. Matairi nikayapunguza upepo, mwendo kilomita 60 kwa saa. Mwamba wa Uluru, mita 348, ulipochomoza, shuka lilikuwa bado jeupe. Sukari tulinunua nyingine.