Kiwiko cha Kerry Wood

Jana usiku nimeiangalia tena mechi ile ya besiboli ya Kerry Wood, safari hii na mwanangu. Alikaa kwenye zulia, kiwiko cha kulia amekilaza juu ya barafu niliyomfungia kwenye taulo. Ana miaka 13, ndiye mrushaji wa timu yake, na mkono unamuuma tangu Jumamosi.

"Mama, huyu ana miaka mingapi?"

Ishirini, nikamwambia. Akanyamaza.

Ilikuwa tarehe 6 Mei 1998, Wrigley Field, Chicago, mawingu yametanda. Kerry Wood, mrushaji wa Chicago Cubs, alikuwa anaanza mechi yake ya tano tu ya ligi kuu ya Marekani, na mbele yake wapo Houston Astros, timu iliyomaliza msimu ule na ushindi wa mechi 102. Mpira wake wa kwanza ulimponyoka mdakaji ukampiga mwamuzi kwenye kinyago. Baada ya hapo, wapigaji watano wa kwanza wakatoka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa straiki tatu, yaani nafasi tatu za kupiga alizozipoteza.

Kinachonirudisha kwenye mechi hii ni ule mpira wake unaopinda. Unatoka mkononi kana kwamba unamfuata mpigaji mbavuni. Mtu anaruka nyuma, anakunja mabega, kumbe mpira umeshakata kona na kupita juu ya sahani iliyo chini mbele ya mpigaji. Jeff Bagwell, mpigaji ambaye kila mrushaji alimwogopa, alirudi kukaa mara tatu kwa straiki. Jukwaani watu wanazidi kuning'iniza karatasi zenye herufi K, alama ya kutolewa kwa straiki, moja kwa kila aliyetolewa hivyo.

Zikafika 20. Kumaliza mechi unahitaji kuwatoa watu 27, na yeye alitoa 20 kwa mkono wake, bila kumpa hata mmoja besi, kituo cha kukimbilia, kwa kumrushia mipira minne mibaya. Kabla yake, katika awamu tisa, ni mrushaji Roger Clemens pekee aliyewahi kufika hapo. Cubs wakashinda 2-0.

Astros walipata hiti moja tu, yaani mpigo unaomfikisha mpigaji besi salama. Awamu ya tatu, Ricky Gutierrez aliupiga mpira ukaenda chini kwa chini, ukamparaza Kevin Orie wa Cubs kwenye glavu ukapita. Mwanangu alirudisha kipande hicho mara nne. "Angeudaka huo!" Na mimi naona hivyo hivyo, ingawa sina ugomvi na mwandishi wa takwimu aliyeiandika kuwa hiti, mpira ulikuwa na kasi.

Halafu nikamweleza sehemu ambayo mkanda hauionyeshi. Siku ile Wood alirusha mipira 122. Msimu haujaisha kiwiko kikaanza kumsumbua, na mwaka 1999 wote hakucheza: alifanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa kano ya kiwiko. Alirudi, akarusha miaka mingi, lakini mara ngapi tena alilazwa nje na majeraha! Siwezi kusema ni mechi ile iliyomuumiza. Ila kila unapopinda ule mpira, macho yangu huenda kwenye kiwiko, na jana yalikuwa yanaenda kwenye viwiko viwili.

Nikachukua simu nikamwandikia kocha kwamba Jumamosi hii hatarusha. Nilitarajia kelele. Mwanangu aliusoma ujumbe begani kwangu, akashusha pumzi, akaurudisha mkanda kwenye awamu ya tisa.

"Mama, barafu imeyeyuka," akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo.