Tulivyohamisha siku ya jamii kutoka kwenye mafagio kwenda kwenye damu

Ukichaguliwa Waziri wa Afya na Mazingira kwenye serikali ya wanafunzi, wanakuita mheshimiwa wiki moja, halafu wanakusahau mpaka siku choo cha hosteli kizibe. Wizara yenyewe haina ofisi wala bajeti ya maana. Ina muhuri tu, nao anakaa nao katibu mkuu. Kwa hiyo Oktoba ilipoanza kunukia na mwaka wa kwanza wakawa wanashuka stendi ya Moshi na mabegi, ndoo na magodoro, nilijua nafasi yangu ya kufanya kitu cha maana ni moja tu: siku ya jamii.

Vyuo vyetu hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, wakati wa vuli, na hakuna kipindi chenye pilikapilika kama hicho. Kuna usajili, mafunzo elekezi, bonanza la michezo, usiku wa kuwakaribisha wageni, na jumuiya za dini nazo kila moja inagombea wapya. Katikati ya hayo yote hutengwa siku moja ya kuitumikia jamii. Kwa miaka niliyoiona, inakwenda vilevile: fulana zinachapishwa, viongozi wanapigwa picha wameshika mafagio, saa nne asubuhi uwanja mweupe.

Kwenye kikao cha baraza la mawaziri yakaja mapendekezo matatu. La kwanza usafi mjini. Nilicheka mwenyewe. Moshi ni mji ambao ukitupa ganda la pipi barabarani unaweza kulipa faini, na wenyeji wanajivunia hilo kuliko wanavyojivunia mlima. Tungezunguka Double Road na mifuko mitupu. La pili kupanda miti. Hilo nalipenda, ila mvua za vuli huku huwezi kuziwekea dhamana. Mche ukiuweka ardhini Novemba, Januari na Februari kuna jua kali na sisi tuko kwenye mitihani au likizo. Nani ataumwagilia? Miti tuliisogeza masika. La tatu kuchangia damu, nalo likapita, na sitadanganya kwamba lilipita kwa huruma. Lilipita kwa sababu Waziri wa Fedha alisikia kwamba Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, wanakuja na vitanda na vifaa vyao wenyewe, na kituo chao cha Kanda ya Kaskazini kiko hapahapa Moshi.

Nikaenda kituoni na barua. Dada aliyenipokea aliisoma, akaniuliza, "Mdogo wangu, mnataka tarehe hii kwa nini?" Nikamwambia ndiyo tarehe iliyo kwenye ratiba ya chuo, mwanzoni mwa Novemba, wapya wakishamaliza usajili. Akanivutia kiti.

Alichonieleza ndicho kilichobadilisha kila kitu. Damu nzima ikishatolewa haikai kama mahindi ghalani. Kwenye mifuko yao, ikitunzwa kwenye ubaridi unaotakiwa, inakaa siku 35. Ikitenganishwa, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hazizidi siku chache. Sasa piga hesabu: damu ya mwanzoni mwa Novemba, Krismasi inaikuta imeshaisha muda wake. Na Desemba ndiyo wakati Wachaga kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingine wanapanda kuja nyumbani, barabara zinafurika magari, pikipiki hazihesabiki. Wakati huohuo shule zimefungwa, na wanafunzi ndio wachangiaji wao wakubwa. Hospitali za KCMC na Mawenzi haziwezi kumwambia mama anayetoka damu baada ya kujifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, asubiri shule zifunguliwe. "Nileteeni watu mwishoni mwa Novemba," akasema, "na wawe wameshiba."

Kuisogeza tarehe kulinigharimu maneno mengi kuliko kitu kingine chochote. Mshauri wa wanafunzi alikubali haraka, alipoona hesabu ya siku 35 nimeiandika kwenye karatasi. Waliogoma ni wenzangu, maana kuhamisha siku ya jamii kutoka wiki ya wapya ni kuitenganisha na bonanza, na bonanza ndilo lenye muziki. Nikaomba na jambo la pili: isiwe Jumamosi. Jumamosi wanafunzi wanafua, na Wasabato wako ibadani, nao chuoni kwetu si wachache. Tukachukua Alhamisi, na badala ya uwanjani tukaomba veranda ya ukumbi mkubwa wa mihadhara, mahali ambapo kila mtu anapita akitoka kipindi kimoja kwenda kingine. Mvua ya alasiri ilipokuja siku hiyo, nilimshukuru Mungu kwa lile bati.

Halafu likabaki lile neno, "wawe wameshiba".

Anayejua maisha ya chuo anajua pasi ndefu. Asubuhi hunywi chai, unasukuma mpaka saa nane mchana unakula wali maharage, umemaliza siku. Mwaka wa kwanza ndio wanaoipiga zaidi, hasa bumu, hela ya mkopo, likiwa halijaingia na hela ya nyumbani imeishia kwenye kodi ya geto mitaa ya Soweto au Rau. Mtu wa namna hiyo ukimtoa mililita 450 za damu saa tano asubuhi, atakuangukia. Tungeweza kubandika matangazo ya "kula kabla hujaja" kila ukuta. Huwezi kumwambia mtu ale kama hana cha kula.

Hela pekee iliyokuwepo ilikuwa ya fulana, na fulana ni suala zito. Waziri wa Michezo alisimama akasema tukio lisilo na fulana ni sawa na halikufanyika. Nikamuuliza, kama ni fulana au uji, nani ataulizwa mtoto wa watu akizirai? Kikao kikawa kimya kidogo, kisha Waziri Mkuu akasema tuchape za viongozi peke yao. Nikakataa hata hizo. Mpaka leo baadhi hawajanisamehe, na picha za siku ile kila mtu amevaa chake.

Mama mwenye kantini nilimwendea na bei ya uji wa vikombe na ndizi mbivu, ambazo Mbuyuni ukienda mapema unapata mkungu kwa bei ya maelewano. Akasikiliza, akafuta mikono. "Sasa mwanangu, hawa si ni watu wanaotoa damu? Huku mzazi akishajifungua tunampa mtori wa ndizi na nyama. Wewe unawapa uji mtupu?" Nikamwambia mama, hela ya nyama sina. Akasema uji uwe wa kabla na mtori uwe wa baada, mifupa atajua yeye pa kuitoa. Sikubishana.

Kuhusu kuwaita watu: matangazo ya ukutani hayafanyi kazi, na magrupu ya WhatsApp ya darasa yana meseji mia tano kwa siku, ya kwako inazama ndani ya saa moja. Nilichofanya ni kuwafuata CR, yaani wawakilishi, wa kila darasa na kuwaomba kila mmoja aniletee kundi moja la watu watano wanaojuana, wanaokaa chumba kimoja au wanaotoka mkoa mmoja, wenye saa yao ya kuja pamoja. Mtu akiwa peke yake anapiga kona akiona sindano. Akiwa na wenzake wanne anaona aibu kukimbia. CR mmoja wa mwaka wa pili alinijibu kwa kidole gumba cha manjano, na darasa lake halikuleta hata mtu mmoja. Wengi lakini walinipa majina.

Jioni za wiki ya kabla yake tulizunguka hosteli na muuguzi mwanafunzi wa kujitolea, tukawaacha watu waulize. Hapo ndipo nilipojua hofu halisi si sindano. Swali la kwanza kila ghorofa: "Damu yetu mnaiuza?" Tukaeleza kwamba mchangiaji halipwi, na kwamba aliyeombwa hela ya damu ana haki ya kuuliza na kulalamika. Swali la pili huulizwa kwa sauti ya chini, na kwa kawaida na wa kiume: "Wakikuta kitu, watanitaja?" Damu yote hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, na majibu ni ya mwenye damu peke yake. Sisi wa serikali ya wanafunzi hatuyaoni na hatuna pa kuyaonea. Hilo tulilisema mara nyingi mpaka likaeleweka. Wengine walikuwa na yao: ukishachangia mwili unazoea utalazimika kuchangia kila mara, ukichangia utanenepa. Kijana mmoja akajibu kwa niaba yetu, "Kama ni kunenepa, mimi wanitoe mbili."

Aliyewageuza watu hasa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa amekaa kwenye ngazi hata hatukumwona. Akasema mama yake alipojifungua mdogo wake alimwaga damu nyingi, wakaambiwa ndugu watafute watu wa kurudishia, na wajomba zake wakaanza kusukumana mlangoni, huyu ana presha, yule anasafiri. Hakumalizia hadithi vizuri, aliinuka akaenda zake. Maelezo yangu yote ya siku 35 hayakufikia nusu ya yale.

Siku yenyewe timu ilifika asubuhi, mlima bado uko wazi. Utaratibu ni huu: unajaza fomu ya maswali, unapimwa uzito na presha, halafu kidole kinachomwa. Hapo ndipo watu walipojazana kutazama. Tone la damu linadondoshwa kwenye kichupa chenye maji ya rangi ya bluu. Likizama moja kwa moja, damu yako ina wekundu wa kutosha, unapita. Likisuasua katikati au likipanda juu, unaambiwa urudi ukale mboga za majani, maini na maharage, uje siku nyingine. Ikawa kama mechi. Kila tone linalozama kundi linashangilia, mpaka mtaalamu akatuomba tupunguze sauti, watu wengine wanapimwa presha hapa.

Mimi mwenyewe nilipanda mzani mbele ya kila mtu, kwa kuwa niliona si vizuri kuita watu halafu nikae pembeni. Mshale ukasimama kwenye 47. Kinachotakiwa ni kilo 50. "Mheshimiwa, shuka," akasema dada, na veranda nzima ikaangua kicheko. Lakini kile kicheko kilinifungua macho, maana kwenye benchi la waliokataliwa walikuwa wameshakaa wasichana kadhaa wa mwaka wa kwanza, wa kilo 45, 46, nyuso zimewashuka, wengine wakitaka kuondoka. Nikawaambia tuko chama kimoja. Mmoja nikampa jagi la uji, mwingine daftari la foleni, wawili wakakaa mwishoni, pa mtori, kazi yao kuhakikisha hakuna anayeinuka haraka. Yule wa daftari alikuwa mkali kuliko mimi. Alimrudisha mhadhiri nyuma ya foleni bila kupepesa.

Aliyeanguka alikuwa mmoja tu ninayemkumbuka vizuri, beki wa timu ya chuo, mtu wa miraba minne. Alimaliza kutoa damu ndani ya dakika kumi hivi, akaambiwa apumzike, akasema yeye ni mwanaume, akasimama. Wauguzi walimlaza, wakamwinua miguu, wakamfungua shati, muda mfupi tu akawa anauliza yuko wapi. Alipopata nguvu alikula mtori mabakuli mawili, kisha akajipa kazi ya kukaa karibu na vitanda na kuwaambia wenzake, "Kaa hapo. Kaa. Mimi nimeshajaribu."

Alasiri mvua ilishuka, veranda ikajaa waliokuja kujikinga, na baadhi yao, wakiwa hawana pa kwenda, wakajaza fomu. Hao hatukuwaalika kabisa.

Sasa hivi kuna wanaozunguka chuoni na kadi zao wakitangaza makundi ya damu utadhani wametunukiwa shahada. Wa O wanajiona wafalme. Kwenye baraza suala la fulana limerudi, na limepelekwa kwenye kamati, maana yake litakaa huko. Mimi nimeshapeleka barua ya awamu ya pili. Mwanaume anaruhusiwa kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, kwa hiyo nimeomba mwisho wa Machi ili wote muda wao uwe umetimia, na tuwe tumeshatoka kwenye mitihani. Mama wa kantini ameniuliza idadi ya watu ajue mifupa ya kuagiza. Nimemwambia asubiri kidogo, CR bado wananiletea majina.