Adiantamu yangu ilivyorudi baada ya kukauka yote

Nilinunua adiantamu mwezi wa Januari, kaskazi inavuma kwelikweli, na pale nilipoinunua ilikuwa chini ya wavu wa kivuli mimi nikaja nikaiweka barazani kwenye upepo mtupu. Wiki 2 tu majani yote yamekuwa kama karatasi. Hii ni jamii ya kangaga, jina kamili Adiantum capillus-veneris, vijiti vyake vyeusi vinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta, na ukimwagia maji majani yanateleza tu hayashiki, ndio maana ya hilo jina kwa Kigiriki, kisicholowa.

Nikadhani ni kiu. Nikawa nainywesha maji ya kisima asubuhi na jioni, na visima vya huku kisiwani mwavijua, chumvi tupu, kumbe ndio naiunguza zaidi kila siku.

Shangazi akaniambia, "Mwanangu, hiyo ishakufa, itupe." Moyo haukunipa. Nikafukua nikakuta lile shina linalotambaa chini ya udongo bado bichi, bas nikakata majani yote mpaka chini, nikatoa udongo wa zamani nikaweka makumbi ya nazi yaliyosagwa, mboji, na vipande vya matumbawe vilivyobaki fundi alipotengeneza ukuta (nilivisuuza siku 3 kwanza vitoke chumvi). Matumbawe ni muhimu, manake hii kwao huota kwenye miamba ya chokaa inayotoka maji, haitaki udongo wa tindikali kama kangaga wengine wengi.

Maji nikahamia ya mkokoteni, masika ilipoingia nikakinga ya mvua. Chungu nikakipeleka uani karibu na pipa, upepo haufiki, jua ni la asubuhi kidogo tu. Udongo usikauke kabisa na maji yasituame, hapo ndipo pana kazi.

Wiki ya 4 nikaona vichipukizi vimejikunja kama mkia wa kinyonga. Wallahi nilimwita shangazi mbio!

Sa hii imejaa chungu kizima. Ukigeuza jani, kwenye kingo zilizokunjwa kuna vumbi la kahawia, ndio spora zake hizo, manake kangaga hawana mbegu huzaana kwa vumbi hilo, na zimeshapeperuka mpaka kwenye ukuta nyuma ya pipa, kumeota vidude vya kijani vidogo sana vyenye umbo la moyo, ndivyo inavyoanza kabla ya kutoa majani. Shangazi ataka kupaka chokaa Idi hii, nimemuomba ile pembe aniachie.