Jumamosi Niliyochelewa Kuchuma

Miaka kadhaa iliyopita nilijitolea katika shamba la jamii ambalo mazao yake hayauzwi, bali hugawiwa majirani waliopungukiwa na chakula. Kazi zilikuwa zile zile za shamba lolote: kupalilia, kumwagilia, kugeuza mboji, kung'olea miche ya karoti iliyosongamana. Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumamosi niliyopewa dhamana ya kusimamia uchumaji wa mboga za majani.

Nilipaswa kuanza alfajiri. Nilichelewa, kwa kuwa nilijiambia kwamba wapokeaji hufika alasiri na saa mbili tatu hazingemdhuru mtu. Tulipoanza kukata, jua lilikuwa limekwisha kupanda, nasi tukaongeza kosa juu ya kosa kwa kuyaacha matenga uwanjani huku tukimalizia matuta ya mwisho. Jani lililokatwa huendelea kupoteza maji, na kwa kuwa halina tena mzizi wa kulirudishia, joto hulilegeza upesi. Saa sita mchana nilichukua moja nikalikunja. Asubuhi lingevunjika kwa mlio. Sasa lililala kiganjani kama kitambaa kilicholowa.

Nilimwambia mama aliyekuwa kiongozi wetu kwamba tuyagawe hivyo hivyo, maana mwenye njaa hachagui. Hakunikemea. Alitua tenga chini, akaniuliza, "Mwanangu, haya ungeyapeleka kwako?"

Nikanyamaza.

"Basi na wao wana kwao."

Fikra ile niliyoitamka nimeisikia tangu hapo kwa watu wengi wenye moyo mwema, na naamini ndiyo inayomfanya mtu apokee chakula akiwa ameinamisha macho.

Tuliyahamishia matenga kivulini, tukajaza mabeseni maji baridi, tukakata upya ncha za vikonyo na kuyazamisha majani humo. Kwa muda mrefu sikuona mabadiliko yoyote. Kisha, kingo zilizojipinda zikaanza kunyooka, na nilipobonyeza kikonyo kimoja kwa kidole gumba nikakiona kimekakamaa tena. Mengi yalirudi. Yaliyochoka kabisa yaliishia kwenye mboji, chakula ambacho watu walikuwa wamekimwagilia kwa majuma kadhaa.

Mafungu ya siku ile yakawa madogo. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake alilipokea la kwake, akaligeuza, akaniangalia.

"Mbona leo kidogo?"

Ningeweza kulisingizia jua. "Nilichelewa kuchuma, mzee wangu. Nisamehe."

Alinitazama kitambo, akaitikia kwa kichwa, kisha akaanza kuniuliza tunachuma saa ngapi na kama mikono yetu inatosha. Nilimjibu kwamba haitoshi. Jumamosi iliyofuata nilimkuta langoni, umande ungali juu ya nyasi, ameshika kisu chake mwenyewe.