Ubishi Ulionipeleka Fumba

Sikwenda Unguja kuogelea wala kula pweza Forodhani, ingawa pweza nilikula. Nilikwenda kwa sababu ya ubishi. Katika kwaya yetu hapa Dar es Salaam yuko mwimba besi mmoja, mtu mwenye maneno mengi kuliko pumzi, aliyetangaza baada ya mazoezi kwamba waimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, husomea sauti miaka nenda miaka rudi, lakini wa kwetu wa taarabu ya Unguja, kuanzia Siti binti Saad hadi Bi Kidude, walijaliwa tu na Mwenyezi Mungu. Mimi najifunza uimbaji wa opera kwa mwalimu mmoja hapa mjini, jioni nikitoka kazini, kwa hiyo maneno yale yangenifurahisha. Yalinikera. Nikakata tiketi ya boti.

Bahari ikiwa shwari mwendo ni kama saa mbili. Siku hiyo haikuwa shwari, na wahudumu walianza kugawa mifuko ya kutapikia hata kabla hatujaiacha Dar nyuma. Nilikaza macho dirishani nikafanya zoezi langu: vuta pumzi mbavu zitanuke, zizuie zisiporomoke, kisha toa “sss” nyembamba isiyotetereka mpaka hewa iishe. Abiria wa pembeni yangu alihama kiti.

Zoezi hilo ndilo msingi wa kazi yote. Mwimbaji wa opera hashiki maikrofoni. Ukumbi unaweza kuwa na watu elfu mbili na zaidi, mbele yake imekaa okestra nzima ya wapiga ala, na aliyenunua kiti cha bei rahisi kule juu naye anataka haki yake. Akijaribu kushindana kwa makelele, koo litamkauka kabla ya mapumziko. Anachofanya ni ujanja. Nguvu kubwa ya okestra iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde. Mwimbaji aliyefundwa, hasa mwanamume au mwanamke wa sauti nzito, huliunda koo lake sauti ing'ae kwenye mitetemo ipatayo 3,000, mahali ambapo okestra imelegea na sikio la mtu ni jepesi. Anapita penye upenyo. Kulijua koo lako hadi uweze kufanya hivyo jioni baada ya jioni si jambo la mwaka mmoja.

Kutoka bandarini nilipitia Shangani, kwa sababu yule bwana wa besi alimtaja na Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, katika ushahidi wake. Kwa jina la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara; alizaliwa Unguja mwaka 1946, na tangu 2019 ana makumbusho yake hapo, watalii wamesimama mlangoni wakipigana picha. Sikukaa. Kwanza, kipaji kisichofundwa hapo hakimo: mtoto huyo alisomeshwa piano akiwa bweni India. Pili, aliyenivutia katika habari zake ni Montserrat Caballé, soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, wa Hispania aliyerekodi naye mwaka 1987 wimbo kuhusu mji wa Barcelona, mji aliozaliwa bibi huyo.

Caballé alisoma chuo cha muziki cha Liceu, akamaliza 1954. Mmoja wa walimu wake, Eugenia Kemmeny wa Hungaria, alimkazania pumzi, na ni kwa pumzi hiyo dunia ilikuja kumjua: noti ya juu, ndogo, laini, ikivutwa mpaka msikilizaji ndiye anayeishiwa hewa. Lakini hakutoka chuoni akaingia kwenye umaarufu. Mwaka 1956 alijiunga na jumba la opera la Basel, Uswisi, kisha akahamia Bremen, Ujerumani, akijifunza uhusika mmoja baada ya mwingine. Jina lilipatikana Aprili 1965 katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, aliposhika nafasi ya Marilyn Horne, aliyekuwa mjamzito, katika opera ya mtunzi Donizetti. Wamarekani waliokuwamo ukumbini wangeweza kuapa kuwa amezuka usiku ule. Alikuwa amemaliza chuo miaka 11 nyuma.

Kesho yake nikapanda gari ya Fumba, kijijini kwa Siti. Njia inapita uwanja wa ndege, Kombeni, Bweleo, halafu nchi inakuwa nyembamba, mawe ya matumbawe yamechomoza kila mahali na bahari inachungulia pande zote mbili. Siku hizi kuna majengo mapya ya ghorofa na mabango ya nyumba zinazouzwa. Ndiyo maana mzee niliyemkuta kivulini hakushangaa kuniona.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kutazama kiwanja?”

“Hapana, babu. Nimemfuata Siti binti Saad.”

“Umechelewa. Siti keshaondoka tangu mwaka hamsini.”

Alicheka peke yake, akanisogezea nafasi nikae. Alinisimulia yanayosimuliwa: kwamba Siti alizaliwa hapa mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, kwamba skuli hakuiona, kwamba nyumbani kwao kulikuwa na kazi ya kufinyanga vyungu, naye akivibeba kichwani hadi mjini, akivinadi kwa kuimba. Mpaka Mji Mkongwe ni karibu kilomita 20. Nikamuuliza kama hapo ndipo alipojifunza kuimba.

“Pale alijifunza kuuza,” alisema. “Sauti ya kuuzia chungu unataka mtu atoke nje. Sauti ya taarabu unataka akae kitako. Hiyo kafundishwa mjini.”

Nilitamani yule mwimba besi awepo. Hata hivyo sikukubaliana na babu moja kwa moja, na nikirudi kwa miguu sehemu ya njia nilijibishana naye kimoyomoyo. Mtu anayetembea na mzigo kichwani hawezi kupinda shingo. Kifua kiko wazi, mabega yametulia, na akiimba hewa lazima itoke kwa mpango, la sivyo chungu kitaanguka. Mwalimu wangu amenipigia kelele miezi mingi ili nisimame hivyo hivyo, na mimi sina hata sahani kichwani. Pengine barabara hii ya mawe ilimpa Siti ule mwaka wa kwanza wa chuo ambao wengine huulipia ada.

Miaka iliyofuata iko Mji Mkongwe, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, nikizunguka Malindi na kuuliza watu barazani. Taarabu ya Unguja ina mizizi ya kusomea. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Misri Mohamed Ibrahim akajifunze ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa ikipigwa. Mwaka 1905 kikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu cha wanaume watupu. Siti alipohamia mjini mwaka 1911, mtu wa chama hicho, Ali Muhsin, alimsikia akamchukua kumfundisha: kuimba kwa Kiarabu, kufuata ala, kuzijua makamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu. Hizo makamu zina noti zinazokaa katikati ya noti mbili za piano. Mzee mmoja mpiga udi alinitaka niimbe moja, nikaikosa, akanirudisha mwanzo, nikaikosa tena, na kila mara alitikisa kichwa kwa upole wa kuudhi.

Husemwa pia kwamba Siti alisoma Kurani akawa msomaji mzuri. Nani atasema hiyo si shule ya sauti? Tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani, inakuonyesha kila herufi inatoka wapi kooni na mdomoni, mada, yaani irabu ndefu, inavutwa kwa vipimo vya mbili, nne au sita, na mahali pa kupumzika pamewekwa. Hupumui popote unapojisikia. Mwanafunzi wa opera hupewa mambo hayo hayo akisomeshwa Kitaliano.

Mahasidi wake walimtungia wimbo wa kumsimanga: katoka shamba na kaniki zake, bila ile sauti angekula nini. Yaani ubishi wa kwaya yetu ulikwisha kuimbwa mjini Unguja kabla babu zetu hawajaoa. Siti aliwajibu kwa wimbo, kwamba sura na ukoo si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Hakujitetea kwa sauti. Alijitetea kwa akili, na nadhani alijua anachokisema.

Mwaka 1928 alipanda meli kwenda Bombay kurekodi, yeye na wenzake: Mbaruk na udi wake, Budda bin Swedi, Subeti bin Ambar na wengine. Wimbo wa taarabu hunyooka kadiri watu wanavyotunza; upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba dakika tatu na kitu. Basi ilibidi beti zichaguliwe, mapambo yapunguzwe, na wimbo ufike mwisho ukiwa bado mzima, mbele ya mafundi wasiojua neno la Kiswahili. Hapo huendi na kipaji kitupu. Tangu 1911 hadi 1928 ni miaka 17, sita zaidi ya ile ya Caballé.

Jioni ya mwisho nilikaribishwa kwenye mazoezi ya kikundi kimoja cha taarabu, ghorofani, feni ikizunguka bila faida. Beshrafu, muziki wa ufunguzi usio na maneno, ilipigwa, ikasimamishwa kwa ajili ya fidla moja, ikaanzwa upya, na hakuna aliyelalamika. Wakati wa chai nilikaa na mwimbaji wa kike, rika langu, buibui begani. Aliponisikia nikitaja opera alichangamka, akaniuliza habari za kumbi za Ulaya. Yeye ameimba Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi. Aliniusia kwamba kwenye ndege usiongee, hewa ya mle ni kavu. Kunywa maji kidogo kidogo. Funga shingo hata kama chumba kina joto. Na usikubali chakula kipya siku ya kuimba, hata wakikubembeleza.

“Na wewe, dada,” akasema, “umeshaimba nchi gani?”

Nikamwambia Dodoma. Na Moshi, kwenye semina ya kwaya.