Mawazo ya dizaini tunayatoa wapi

Watu wanatuuliza sana mawazo tunayatoa wapi, jamani mengi hayatoki kwenye kompyuta kabisa. Mi napenda mno mabango ya zamani yaliyobanduka, unakuta rangi tatu nne zimepandana, nyekundu imefifia mpaka imekua pinki, chini yake herufi za tangazo jingine zinachungulia, hapo napiga picha fasta na baadae zile rangi zinaingia kwenye logo ya mteja. Risiti pia, vibao vya kuandikwa kwa brashi, kivuli cha dirisha ukutani. Hata Harry Beck, yule mchoraji Mwingereza, ile ramani yake ya treni za chini ya ardhi za London ya 1933 inafanana na mchoro wa saketi za umeme, na michoro hiyo ndo ilikua kazi yake! Kwahiyo kazi mpya ikiingia studio sie tunatoka kwanza kutembea.